Diski ya Mama Kidoti

Fundi Miwani haamini mambo ya mizimu, na ukitaka kumkasirisha mpelekee kompyuta yako umwambie imerogwa. Atavua miwani, ataifuta kwa upindo wa blauzi, atakutazama kama mtu anayetafuta pa kuanzia. "Imerogwa na vumbi," atakujibu, na kweli akiifungua utaona aibu. Duka lake ni chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga: mlango wa kioo uliopasuka kona ukabandikwa utepe, meza ndefu yenye taa ya shingo, na rafu iliyojaa vifaa vya watu waliokuja wakihema kwa haraka wakaondoka wasirudi. Hata leo, baada ya yote, bado anasema haamini. Ila kuna jambo moja hapendi kulizungumza akiwa peke yake mle dukani. Mimi ni jirani yake, nashona nguo mlango wa pili, na nalisimulia kama alivyolisimulia yeye. Pale aliponyamaza, nami nimenyamaza.

Ilikuwa asubuhi kama asubuhi nyingine. Fundi alikuwa ndiyo kwanza amekunja mkeka wa mlangoni na kuukung'uta, akaingia yule mpaka rangi anayekaa nyumba za nyuma, mtu ambaye ukitaka kujua nani kabadilisha rangi ya sebule mwezi huu unamtazama suruali tu. Mikononi alikuwa na kitu kilichofungwa ndani ya sweta ya mtoto. Alikiweka mezani polepole, akakifungua, na hakukiachia mkono.

Ilikuwa diski ya nje, ile kubwa ya kuwekwa mezani, yenye waya wake wa umeme. Baba Kidoti, ndivyo anavyoitwa, alieleza kwamba umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, diski ikatoa harufu ya kuungua, ikafa. Alisema ndani yake kuna sauti ya mke wake. Mke alikuwa ameugua kwa muda mrefu, na alipojua haponi, aliegemea mito akajirekodi akimsimulia binti yao hadithi za kulalia, moja baada ya nyingine, ili mtoto asije akakosa sauti ya mama. Basi mama alizikwa, na Kidoti akawa analala na ile sauti, usingizi wa mchana na wa usiku.

Sasa diski ilipokufa, mtoto naye kama alianza kuzimika. Chakula anakichezea. Usingizi anaukataa. Na kichwa ndiyo usiseme. Mama yake ndiye aliyekuwa akimsuka, na tangu azikwe hakuna aliyeruhusiwa kugusa hata unywele mmoja. Bibi yake, mama wa marehemu, anayeishi nao, alijaribu kwa kubembeleza, kwa peremende, mpaka kwa kumkaripia, akaambulia kilio. Nywele zilikuwa zimeshikamana kama sufu iliyolowa, na mtoto alishinda na kofia kichwani hata kwenye jua kali.

"Sikuombi zote, fundi," alisema yule baba. "Hata ukipata moja. Mtoto ananipotea huku namtazama."

Fundi Miwani hakuahidi. Fundi anayeahidi kabla ya kufungua kifuniko, husema, ahamie kwenye ramli. Lakini baba alipoondoka aliikunja ile sweta vizuri akaiweka kando, kazi nyingine zote akazisogeza.

Jambo la kwanza alilopima lilikuwa ile adapta ya umeme iliyokuja na diski. Ilikuwa nzima kabisa, inatoa umeme wake kama siku ilipotoka dukani. Hapo fundi akainua nyusi. Umeme ukija kwa kishindo ukutani, adapta ndiyo huanza kufa. Diski haiwezi kuungua halafu adapta ikabaki inacheka. Kilichoonekana ni kwamba mtu alichomeka chaja isiyo yake, pengine ya laptopu, maana vichwa vyake huingiliana na nguvu yake ni kubwa mno. Watu hulifanya kosa hilo kila siku, na humdanganya fundi kama wanavyomdanganya daktari. Hakuona sababu ya kumwaibisha mfiwa.

Akafungua ganda, akatoa bodi, akashusha taa. Kwenye bodi za namna ile kuna kipande cheusi, kidogo kuliko punje ya mchele, ambacho mafundi wamezoea kukiita mlinzi. Kazi yake ni moja. Umeme ukizidi, mlinzi hujitoa mhanga, anaufunga mlango kwa mwili wake, diski inazima lakini vilivyomo ndani vinasalimika. Fundi akaweka ncha za mita, mita ikalia. Mlinzi alikuwa amekufa kazini.

Dawa yake ni nyepesi kwa anayeijua. Unapasha moto risasi ya kulehemu inayomshika, unamnyanyua mlinzi kwa kibanio, unaiwasha diski. Itafanya kazi bila yeye. Lakini haina tena kinga, na chochote kitakachokuja safari ya pili kitaingia mpaka ndani. Kwa hiyo fundi makini ananakili haraka, anazima, kisha anapachika mlinzi mpya kabla ya kumrudishia mwenyewe. Mlinzi wa saizi ile hakuwa naye, akaagiza. Huku akisubiri, akamwondoa yule mfu, akachomeka.

Diski ikavuta pumzi, ikaanza kuvuma.

Hadithi zote zilikuwemo. Fundi alizinakili kwenye kompyuta yake huku akipiga mluzi, kwa sababu kazi ikikubali hata kama ni ya huzuni moyo wa fundi hufurahi, huo ndio ukweli. Kuhakikisha, alizikagua kwa mtindo wake wa siku zote: anasikiliza kichwa, kiuno na mkia, basi. Mwanzo kidogo, katikati kidogo, mwisho kidogo. Nani ana muda wa kusikiliza mambo ya watu mwanzo mpaka mwisho? Alisikia sauti ya mwanamke, imechoka, yenye kukwaruza, lakini ina kicheko ndani yake. Sauti safi, haikukatika popote.

Halafu akafanya jingine la mtindo wake. Akichota kitu cha mteja kikatoka kizima, humtumia kipande kwenye simu, anakiita kionjo, ili mtu atulize roho kabla ya kuja. Akachagua hadithi moja, akamtumia baba Kidoti. Jibu lilikuja kwa sauti, mwanamume analia na kucheka kwa pamoja, akisema atapitia mchana kuchukua diski, na Mungu ambariki fundi na kizazi chake chote.

Mchana ukafika. Ule wakati ambao mtaa mzima unakuwa mzito, maduka yamefungua lakini wenyewe wamesinzia, na redio za majirani zinajisemea peke yao. Mlango wa kioo ukafunguka. Akaingia mwanamke mtu mzima, amejitanda khanga, akaurudisha mlango nyuma yake mpaka ukabana. Fundi alimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Alikataa kiti. Macho yake yalikuwa kwenye meza, juu ya ile diski iliyokuwa ikivuma.

"Umeshaifufua," alisema.

"Imekubali, mama. Wewe ndiye bibi yake Kidoti?"

"Ndiye. Nimekuja kukuomba uiue."

Fundi alidhani hakusikia vizuri. Yule bibi akasogea karibu, akaegemea meza kwa viganja viwili, na kuanzia hapo hakupandisha sauti hata mara moja. Alisema umeme haukukatika siku ile. Yeye ndiye aliyechukua chaja ya laptopu ya mkwewe akaichomeka pale, kwa mkono wake, akasimama akaitazama inafuka moshi.

Akaeleza. Mama Kidoti, alipokuwa akijirekodi, alikuwa akiacha nafasi. Alimjua mwanawe, mtoto wa maneno, hawezi kusimuliwa bila kujibu. Basi katikati ya hadithi angeuliza, umepiga mswaki? Kimya kidogo. Kisha angesema, vizuri. Umejifunika? Kimya. Vizuri. Na Kidoti, huku amejikunyata kitandani, alijibu kwenye zile nafasi kana kwamba mama yuko ukingoni mwa kitanda. Ilikuwa inaliza na inafariji, na kwa miezi bibi mwenyewe alikuwa akisimama nje ya mlango kusikiliza.

Mpaka mchana mmoja, anakunja nguo, akasikia sauti ikiuliza, umekula? Kidoti akajibu hajamaliza, bibi kaweka vitunguu. Ikaja nafasi. Bibi akasubiri lile neno, vizuri. Sauti ikasema, "Mwambie avitoe."

Bibi alicheka. Alijua mjukuu hapendi vitunguu, na mama yake alijua, pengine alilisema tu kwa kubahatisha. Akaendelea kukunja nguo. Lakini siku zilizofuata akawa hakai mbali na ule mlango. Sauti ikauliza, nani anafunga mlango wa nje siku hizi? Kidoti akasema, bibi. Funguo anaweka wapi? Kidoti akaeleza, kwenye msumari, nyuma ya kalenda. Vizuri, ikasema sauti.

Siku ya pili yake bibi alitoka jikoni akamkuta mtoto amepanda kigoda mlangoni, mkono umefika kwenye msumari. Alipomuuliza anakwenda wapi, Kidoti alisema haendi popote. "Mama yuko nje. Kasema hana funguo."

Fundi Miwani hakumcheka. Ameona msiba unavyofanya watu. Alimwambia kwa upole kwamba masikio ya mfiwa husikia yanachokitamani, na kwamba rekodi ni rekodi, haiwezi kuongeza neno wala kupunguza. Bibi alimwacha amalize.

"Umezisikiliza?"

"Zote. Kichwa, kiuno na mkia."

"Sikiliza moja nzima," alisema bibi. "Ukiona kawaida, nitaomba radhi niende zangu."

Fundi akavaa hedifoni, ile yake ya kawaida, ya kusikilizia tu, haina hata kinasa sauti. Akachagua hadithi moja kutoka kwenye diski yenyewe. Nje palikuwa na jua. Kwangu cherehani ilikuwa inalia, naikumbuka siku hiyo, nilikuwa nashona mapazia. Mambo ya kutisha tumezoeshwa yana giza lake na mvua yake. Hili lilitokea mchana kweupe.

Ilikuwa hadithi ya kuku aliyekataa kupanda kwenye banda mpaka abembelezwe kwa jina. Mama Kidoti aliisimulia vizuri, akiigiza kuku, akikohoa, akiomba radhi kwa kukohoa. Umejifunika? Kimya. Vizuri. Umefumba macho? Kimya. Vizuri. Fundi alianza kulegea. Alifika hata kutabasamu pale kuku alipomtukana jogoo. Kisha sauti ikaita, "Kidoti?"

Kimya.

Kimya hiki kilikuwa kirefu. Kwenye kioo cha kompyuta mstari wa sauti ulikuwa umelala bapa, unasonga. Fundi akasogeza uso karibu.

"Kidoti, mbona unapumua kama mtu mzima?"

Fundi Miwani akabana pumzi. Hakukusudia. Kifua kilijifunga chenyewe.

Mstari ukasonga bapa. Kisha sauti, taratibu, karibu sana na sikio lake.

"Sasa umeacha kupumua. Wewe nani?"

Alizivua hedifoni kwa nguvu, miwani ikaanguka nazo. Hedifoni zikalala mezani, na kutoka ndani yake kile kisauti chembamba kiliendelea, hakisikiki kinasema nini, kinapanda na kushuka kama mtu anayeuliza. Bibi alimtazama usoni, akaona anachotaka kuona.

"Imekuuliza nini?"

Fundi alitikisa kichwa. Hakumwambia. Hakumwambia yeye, wala mtu mwingine yeyote, kwa muda mrefu sana.

"Ni yeye?" ndilo neno pekee alilolipata.

Macho ya bibi yalijaa, lakini hayakumwagika. "Sauti ni yake. Nimeijua tangu ikiwa kilio. Unadhani siitaki? Ningeifumbata kifuani nife nayo. Lakini sijui anayeitumia ni nani. Na huyo ninayemjua nimebaki naye mmoja tu, ana umri wa kung'oka meno."

Fundi akafungua droo akatoa chaja ya laptopu. Akamweleza bibi ukweli wa kazi: safari ile ya kwanza mlinzi alikuwepo, akafa yeye, ndiyo maana sauti ilisalimika. Sasa mlinzi hayupo. Umeme utaingia mpaka ndani kabisa, na hakuna fundi duniani atakayeirudisha. Bibi akaitikia kwa kichwa. Kabla haijachomekwa aliweka kiganja juu ya ganda la diski, akakituliza pale, kama mama anayepima homa ya mtoto kwenye paji la uso. Akakiondoa.

Fundi akachomeka.

Mvumo ukapanda. Ukapanda zaidi. Kisha mlio mkali mara moja, na harufu. Hedifoni zikanyamaza papo hapo. Fundi akageukia kompyuta, akafungua zile nakala. Zilikuwepo zote, kila moja na urefu wake uleule, na zote hazina sauti. Mwanzo mpaka mwisho, mstari bapa. Alishusha pumzi, akafuta miwani, akaivaa. Na hapo ndipo moyo ulipompasuka, maana alikumbuka kionjo.

Alikuwa ameshika simu ampigie baba Kidoti, mlango ukafunguka, na baba Kidoti akaingia. Kaoga, kavaa shati safi lisilo na tone la rangi, uso umefunguka kama mtu anayekwenda kuposa. Akamwona mama mkwe wake. Tabasamu likakwama.

"Mama, uko hapa? Kidoti umemwacha na nani?"

"Nimemwacha na wewe," alisema bibi. "Ulikuwa bafuni unaoga."

"Mlango wa chumba chako ulikuwa umefungwa. Nilijua umelala."

"Simu yako iko wapi?" aliuliza fundi.

Baba Kidoti aliwatazama wote wawili. Furaha ilikuwa bado inamtoka usoni kidogo kidogo. "Nimemwachia. Anasikiliza ile uliyonitumia. Alinishika suruali akaniomba na funguo, nikampa achezee. Si bibi yupo, nilisema."

Hakuna aliyefunga duka. Mimi niliwaona wakipita mbele ya mlango wangu, miguu niponye, bibi ametangulia na khanga inamburuzika nyuma. Fundi anasema hakumbuki barabara. Anakumbuka kona. Anakumbuka mbwa aliyelala ambaye hakuinua kichwa. Kisha nyumba.

Mlango ulikuwa wazi. Funguo ilikuwa kwenye kitasa. Ilikuwa imechomekwa kwa upande wa nje.

Ndani kimya. Sebule tupu. Kigoda kimesimama penye mlango. Bibi akasukuma mlango wa chumba cha kulala.

Kidoti alikuwepo.

Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye kitanda kikubwa, miguu ameinyoosha, kofia ameikunja kwenye mapaja. Kichwa alikuwa amekiinamisha upande mmoja, kimetulia, kama mtoto anayesukwa anavyokiinamisha akishaambiwa usitikisike. Juu yake, ukingoni mwa kitanda, godoro lilikuwa limebonyea pahali pa mtu kukaa. Kitana kilikuwa kwenye shuka.

Upande wa kushoto ulikuwa umesukwa. Mistari myembamba, imekazwa vizuri, inang'aa mafuta. Juu ya sikio mstari mmoja ulipinda kukwepa kovu la zamani, na bibi alipouona ule mpindo aliziba mdomo kwa khanga, maana ni mkono mmoja tu uliokuwa ukilikwepa lile kovu namna ile. Upande wa kulia nywele zilikuwa zimechanwa zote, zimegawanywa, zinasubiri. Na katikati, msuko mmoja ulikuwa umeishia nusu ya njia. Ncha zake tatu zilikuwa bado zimesimama mbalimbali hewani. Walisimama wakizitazama zinavyolegea, moja, halafu nyingine, zikaanguka.

"Alikuwa anaimba," alisema Kidoti, bila kugeuza kichwa. "Halafu akanyamaza. Mikono nayo ikaacha."

Simu ilikuwa pembeni yake. Ile hadithi ilikuwemo, na haikuwa na sauti.

Fundi Miwani alimweleza baba Kidoti pale pale, amesimama mlangoni, harufu ya kuungua bado imemshika vidole. Hakujitetea. Bibi alimkatiza akasema yeye ndiye aliyeomba. Yule mwanamume alisikiliza mpaka mwisho. Akaenda akakaa kitandani, mbali na pale palipobonyea, akaunyoosha mkono karibu na lile bonde la godoro asilifikie.

"Mngemwacha amalize," alinong'ona.

Bibi alijibu kwa kunong'ona vilevile. "Na akimaliza, angeondoka peke yake?"

Hakuna aliyelijibu swali hilo siku ile, na mpaka leo, nikiwatazama wakipita wote watatu, naona bado wanalibeba. Baba hamlaumu bibi mdomoni. Bibi hulia akiwa anafua, anadhani maji yanaficha. Amemzika mtoto mmoja mara mbili, alimwambia fundi, na safari ya pili ni yeye aliyechimba.

Kidoti anakula sasa. Analala. Kofia aliitupa. Lakini upande wa kulia hakubali kabisa uguswe, na ukimuuliza anakwambia mama hajamaliza, kana kwamba umemuuliza jambo lililo wazi. Kwa hiyo anatembea mtaani hivyo hivyo, nusu kichwa kimesukwa, nusu nywele zimetimka, na watoto wenzake walishachoka kumtania. Mvua imemnyeshea. Ameoshwa, amelalia, amecheza mchangani. Ile nusu haijafumuka hata mstari mmoja. Mimi mshonaji nimeitazama kwa karibu, na jicho langu la uzi halidanganyiki kirahisi: imekazwa kama ya asubuhi ya leo.

Mlinzi aliyeagizwa alifika, fundi akampachika kwenye bodi iliyoungua, ingawa anajua hakuna tena cha kulinda. Diski ameifunga ndani ya ile sweta, iko rafu ya juu. Nilimuuliza kwa nini asiitupe, akaniambia si yake.

Juzi baba Kidoti alipita kuleta simu ya mteja wake, akaja na mtoto. Fundi alikuwa amechuchumaa anatafuta skrubu chini ya meza. Kidoti akamsogelea taratibu, akamwekea mkono begani, akaleta mdomo sikioni kwake. Ule upande uliosukwa ukamgusa fundi shavuni, na anasema ulikuwa una harufu ya mafuta mabichi.

"Mama anauliza," alinong'ona mtoto, "siku ile ulibana pumzi kwa nini?"

Fundi Miwani hakuweza kumjibu. Alikuwa ameibana tena.